Roshani ya Bi Sindano

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Ua wa Bi Sindano, fundi cherehani wa jirani, umeingia kwangu hatua mbili. Nimepima mwenyewe kwa miguu, mara tatu. Mke wangu anasema mama wa watu katushonea mapazia ya nyumba nzima, nimwache. Siwezi. Haki ni haki. Kesho namleta mpima ardhi, kimya kimya.

Jumanne, 4 Machi
Mpima kapima, kakuna kichwa, kapima tena. Nikamwambia aseme tu, mimi mtu mzima. Akauliza hati yangu ni ya kiwanja namba ngapi. Arobaini na moja, nikajibu kifua mbele. Akasema hapa tuliposimama ni arobaini na mbili. Nyumba yangu nzima iko kwa Bi Sindano! Na ya kwake iko kwangu. Aliyetuuzia alitutembeza huku ameshika ramani kichwa chini miguu juu. Nilimwona. Nilidhani ndivyo zinavyoshikwa.

Jumatano, 5 Machi
Masijala ya ardhi. Nimemweleza karani kwamba nimejenga, nimepaka rangi, nimeishi pale miaka sita. Kanijibu kwa upole kuwa daftari lao halijui rangi, linajua namba na jina. Kwa daftari, mimi ni mvamizi. Nikaketi kwenye benchi la pale ofisini. Nyumba niliyoijenga tofali kwa tofali!
Nikiwa bado kwenye benchi, wazo likanijia. Nyumba ya Bi Sindano ni ya ghorofa. Ina roshani. Na kwa daftari, ardhi iliyo chini yake ni yangu. Nimerudi napiga mluzi.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango: kukaa kimya mpaka nipate wakili. Umedumu hadi chai ya asubuhi. Mke wangu kanikuta nachora pa kuweka kiti changu kwenye ile roshani. Kanishika mkono hadi kwa jirani, kasema yote mwenyewe. Bi Sindano kasikiliza huku akitunga uzi. Nikajikunyata. Kacheka mpaka miwani ikaanguka! Kumbe, kasema, miaka yote hii alikuwa anamkaribisha mwenye kiwanja na hajui. Tubadilishane hati, kila mtu abaki alipo. Nimelia kwa furaha, sioni haya kuandika. Nyumba yangu inabaki yangu.

Jumatatu, 10 Machi
Siku ya kusaini. Kwenye fomu nikaona nafasi ya masharti maalumu. Mkono haukutulia. Nikaandika kwamba nina haki ya kukaa kwenye roshani kila Jumamosi. Bi Sindano kasoma, kasema hana neno, ila naye aongeze mstari. Kaandika: mwenye haki hiyo ataifagia kwanza, pamoja na ngazi. Sikubishana. Ufagio ni nini? Karani akasajili vyote, akagonga muhuri. Mke wangu anacheka tangu tutoke pale, na hasemi kwa nini.

Jumamosi, 15 Machi
Ngazi zina vidato ishirini na sita. Roshani imejaa vipande vya vitambaa na nyuzi za wiki nzima. Nimefagia hadi saa tisa. Nikakaa dakika kumi, mvua ikanifukuza. Lakini ni dakika zangu kisheria, kwa muhuri! Bi Sindano ananipungia mkono, mke wangu anapiga makofi. Nadhani wameanza kunionea wivu. Jumatatu naenda masijala kuomba na Jumapili iongezwe.