Wati Mia na Ishirini

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimemaliza hesabu. Mia moja na ishirini. Nimejumlisha mara mbili, jibu halikubadilika. Jukwaa ni langu!

Mambo yako hivi. Jumamosi bendi ya marehemu baba inapiga ukumbini, mwaka mmoja tangu atutoke. Mama ameomba jambo moja tu: gitaa langu lisikike kupitia spika ya baba, ile kuukuu ya wati ishirini, yenye sauti ya kukwaruza kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Anasema humo ndimo anamomsikia mumewe.

Sikatai. Lakini wati ishirini! Na ng'ambo ya jukwaa atasimama Kinanda na mitambo yake. Jina hilo nimempa mimi. Anapiga kinanda, na mwezi wa nane anamwoa dada yangu, kwa hiyo ananiita shemeji kabla ya wakati. Atanimeza mzima.

Dawa nimeipata. Nitachukua spika yangu mpya ya wati mia, niifunge na ya baba katika kasha moja, mzee na kijana bega kwa bega. Ampli yangu ya kukuzia sauti inatoa wati mia tu. Hivyo ishirini zitabaki akiba. Mimi si mtu wa kubahatisha.

Jumanne, 4 Juni

Spika ya baba hukaa juu ya kabati chumbani kwa mama, imefunikwa kitambaa cheupe. Mama aliuliza kama itakuwa salama. Nikamwambia haijawahi kuwa salama kama itakavyokuwa, maana itakuwa na mwenye nguvu pembeni yake. Mama akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema nimtunze.

Nilitoka chumbani taratibu sana. Nikajigonga mlangoni, lakini mimi, si spika.

Alhamisi, 6 Juni

Seremala wa jirani amenitobolea kasha matundu mawili. Nyaya nimechomea mwenyewe. Vidole viwili vimeungua, hakuna aliyenipa pole.

Kinanda alikuja kumwona dada, akainama nyuma ya kasha bila kualikwa. Akasoma maandishi ya spika zote mbili. Akauliza ampli ni ya wati ngapi. Nilimjibu kwa fahari. Akakuna kichwa, akasema spika zangu zina omu sawa, yaani zinauzuia umeme kwa kiasi kilekile, kwa hiyo kila moja itapokea nusu ya mzigo. Hamsini huku, hamsini kule. Ya baba haiwezi hamsini.

Nilimweleza kwa upole kwamba watu wawili wakibeba kabati, mwenye misuli hubeba zaidi. Huo ndio ubinadamu. Umoja ni nguvu, hata watoto wa chekechea wanajua.

"Umeme hauangalii misuli, shemeji," alisema. "Kasha hili ni la wati arobaini. Mara mbili ya mnyonge wake, basi."

Arobaini! Amenipokonya wati themanini sebuleni kwetu, mbele ya dada yangu. Kisha akashauri tuiache ya baba peke yake na ampli ndogo, tuiwekee maikrofoni mbele, spika za ukumbi ndizo zibebe sauti. Maikrofoni! Kana kwamba baba anatangaza mtoto aliyepotea. Nilikataa kwa heshima. Wivu ni ugonjwa, na huyu ameshalazwa.

Ijumaa, 7 Juni

Mazoezi nyumbani, sauti ya chini kwa ajili ya majirani. Uzuri usio na kifani. Ile mpya inaweka kifua, ya baba inaweka koo. Mama alitoka jikoni na sufuria mkononi, akasimama mlangoni.

"Huyo hapo," akasema.

Niliinama nikajifanya nakaza nyuzi, maana Kinanda alikuwepo. Baadaye alinivuta kando, akaniomba kesho nisivuke namba tatu kwenye kitufe cha sauti cha ampli. Hakucheka wala hakunitambia. Aliomba tu. Nikaahidi. Hata hivyo, ahadi ya kuvutwa kando si sawa na ahadi ya kukaa mezani.

Jumamosi, 8 Juni

Ukumbi ulijaa. Mama mstari wa mbele, nguo ya bluu aliyoipenda baba. Wimbo wa kwanza, namba tatu, mwaminifu kabisa. Mama alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Wimbo wa pili Kinanda akaingia na sauti zake za zeze, na watu wakageuza vichwa upande wake. Wote! Hata mjomba, ndugu wa damu. Nikaenda namba sita. Hakuna kilichotokea, jambo linalothibitisha hesabu yangu. Nikaenda hadi mwisho.

Spika ya baba iliimba kama sijawahi kuisikia. Kisha ikakohoa mara moja, ikatoa harufu ya waya ulioungua, ikanyamaza. Ile mpya iliendelea, safi, bila mkwaruzo wowote, kama mgeni aliyeingia nyumbani kwa watu na kukaa.

Ukumbini hakuna aliyegundua. Walipiga makofi. Mama alikuwa amefumbua macho.

Jumapili, 9 Juni

Nimeifungua spika na kuipeleka kwa fundi. Koili, ule waya wa ndani, imeungua, na karatasi ya mbele imepasuka. Anaweza kuweka mpya zote mbili, itasema tena, lakini haitakuwa sauti ile. Nikamletea mama jibu. Akasema basi, niirudishe kama ilivyo. Akaifunika kitambaa chake, akaipandisha juu ya kabati mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, akanionyesha kiganja.

Nilitegemea anigombeze. Ningejua la kusema.

"Amekufa mara ya pili, mwanangu," akasema. "Safari hii nilikuwa nimekaa mbele."

Ninaona aibu.

Jumatano, 12 Juni

Kinanda amekuja na mfuko. Ndani, spika ya wati ishirini, kuukuu, ndugu pacha wa ile. Kumbe baba alikuwa na mbili, akampa Kinanda moja alipokuwa akimfundisha muziki. Yeye alipewa kwa mkono wa baba. Mimi nilisubiri mazishi. Hilo limeniuma, na liandikwe kwamba limeniuma.

Aliiunga na ampli ndogo juu ya meza ya sebuleni, akanipa gitaa mimi. Nilipiga polepole, namba moja. Ule mkwaruzo! Mama alikaa sakafuni karibu nayo, mkono juu ya meza.

"Huyo hapo," akasema, akalia, akacheka, akaniita nikae karibu yake.

Kinanda akasema hiyo spika sasa ni ya mama. Nilimshika mkono nikamshukuru kwa dhati. Nikamwita shemeji, kwa mara ya kwanza. Mama akaifunika kitambaa kingine cheupe, akaipandisha juu ya kabati, kando ya ile iliyoungua.

Ijumaa, 14 Juni

Nimetafakari kwa unyenyekevu na kosa nimeliona. Kinanda alisema kweli: mzigo ulimlemea mnyonge. Na kwa nini? Kwa sababu mwenye nguvu alikuwa mmoja tu! Mkono mmoja haulei mwana. Wakiwa wawili, mmoja kila upande, mzee akae katikati apumzike. Mia, na mia, na ishirini. Mia mbili na ishirini! Nimejumlisha mara tatu safari hii, maana watu hujifunza.

Harusi ya dada ni mwezi wa nane. Itakuwa zawadi yangu kwa shemeji, na kwa mama itakuwa mshangao. Seremala ameshatoboa tundu la tatu.

Mama amekwenda kumjulia hali shangazi. Kitambaa cha ile spika nzima nimekikunja vizuri, nimekiacha juu ya mto wake.