Mkwe Anayekuja na V8

Jumatano, 9 Agosti 2023

Nimeipata! V8 nyeusi, viti vya ngozi, vioo vya giza. Imesimama uani kwangu hapa Baraka, na majirani wote wamepata sababu ya kupita. Hata wale ambao njia yao siyo hii.

Sababu ya yote haya: Jumapili Mama Marthe, mama mkwe wangu kule Fizi-Centre, anatimiza miaka sabini. Misa ya shukrani, kisha chakula. Krismasi iliyopita, mbele ya ukoo mzima, alimtambulisha Patrice, mume wa dada wa mke wangu Pulchérie, kuwa "mukwe wangu." Mimi akanitambulisha kuwa "bwana ya Pulchérie." Patrice! Mwalimu wa hesabu mwenye pikipiki moja na suruali mbili! Eti kwa sababu alimtengenezea paa. Mimi nilimpelekea godoro, tena la kwanza kabisa dukani kwangu. Lakini paa linaonekana na kila mpita njia. Godoro nani analiona?

V8 itaonekana.

Mwenye gari ni Willy, hulikodisha kwa mashirika. Nimempa magodoro kumi na mawili kwa nyumba yake ya wageni, yeye amenipa funguo hadi Jumanne. Akauliza kama najua kuendesha. Nikajibu kwamba niliwahi kuendesha lori Uvira. Ni kweli. Lilikuwa limezimika na watu walikuwa wanalisukuma, lakini usukani niliushika mimi.

Alhamisi, 10 Agosti

Asubuhi nimetafuta klachi nusu saa nzima. Hakuna! Nikampigia Willy kumwarifu kwamba wezi wameing'oa. Alicheka mpaka simu ikakatika. Kumbe gari hili halina klachi tangu lilipozaliwa. Sawa. Kitu kimoja kidogo cha kufikiria.

Nimezunguka soko mara tatu. Mara ya kwanza nilifunga vioo ili nifaidi ubaridi. Hakuna aliyenisalimu. Nikagundua kwamba kwa vioo vile hakuna anayejua kuwa ndani ni mimi, Darius! Mara ya pili nikafungua vyote vinne, kiwiko nje. Vumbi la kiangazi likaingia lote. Mara ya tatu kiwiko nje, ubaridi umewashwa, vumbi mdomoni: watu kumi na tisa wamenisalimu. Fundi cherehani mmoja alisimama kabisa.

Tatizo moja: mgongo na makalio vilikuwa vinawaka. Nikajua ni malaria, nikanywa dawa. Pulchérie akaingia garini, akaangalia, akabonyeza kitufe. Akasema kiti kina joto lake la umeme na alama yake imechorwa pale, hata mtoto wa shule angeiona. Nikamwambia nilikuwa nakijaribu.

Ijumaa, 11 Agosti

Safari! Pulchérie kavaa kitenge kipya, mimi suti na miwani ya jua. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alipiga saluti na kuinua kamba kabla sijasimama. Nilimrudishia saluti. Pulchérie aliniomba nisirudie.

Tulipoanza kupanda milima tukafika kwenye kijito ambacho daraja lake ni magogo manne, mawili yameoza. Nikasimama. Watu wakatoka mashambani mbio, bamama kwa batoto, wakaanza kuimba. Nikashusha kioo polepole. (Kinashuka bila kelele. Ajabu sana.)

Walidhani mimi ni mheshimiwa mbunge. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Nilivua miwani tu.

Mbele yao alisimama mama mmoja, Goreth, aliyekimbia kutoka Burundi miaka iliyopita na sasa analima muhogo ng'ambo ya kijito. Hakuimba. Alishika mlango wa gari, akaonyesha lile daraja, akasema, "Muheshimiwa, hii kilalo ilivunja mama mumoja muguu. Batoto banapita mu mayi kwenda ku masomo. Kazi itaanza lini?"

Sasa, mtu akiulizwa hivyo mbele ya watu hamsini, akiwa ndani ya V8, atajibu nini? Nikainua mkono. Nikasema kwamba Jumatatu, nikirudi kutoka Fizi, kazi itaanza.

Vigelegele! Wakatuonyesha pa kupita majini, wakasukuma, wakatupatia jogoo. Hotuba yangu ya kwanza, na imelipwa papo hapo.

Pulchérie aliangalia dirishani mpaka Fizi-Centre. Jogoo alichafua kiti cha nyuma mara mbili.

Jumamosi, 12 Agosti

Tuliingia jana wakati watu wanatoka ofisini. Saa nzuri kuliko zote. Nilipiga honi kidogo tu, mara sita.

Mama Marthe alitoka na fimbo yake, akalizunguka gari zima, akaligusa. Akauliza linakula nini. Nikamweleza mafuta. Akasema hapana, anauliza linalima nini, linabeba nini. Nikasema linabeba watu wa heshima. Akaguna.

Patrice alikuja leo asubuhi na pikipiki yake. Ana adabu, lazima niandike, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Akasifu matairi. Akauliza kwa upole kama ni langu. Nikasema kwa sasa liko mikononi mwangu. Hakuna neno la uongo hapo.

Kisha pigo. Mama Marthe ametangaza kwamba kesho atakwenda kanisani na pikipiki ya Patrice, kama kawaida. V8 iko juu sana kwa magoti yake.

Nimefikiri mchana kutwa. Suluhisho: makreti mawili ya bia, yamepangwa kama ngazi, yamefunikwa kitenge. Nimepanda na kushuka mara nane. Imara! Patrice ajipange.

Jumapili, 13 Agosti

Mama Marthe amepanda! Makreti yamefanya kazi vizuri sana. Amekaa mbele, karibu yangu, na kitambaa chake cha kichwa kimefika karibu na dari.

Kutoka nyumbani mpaka kanisani ni dakika tano kwa miguu. Haitoshi! Nani ataona kwa dakika tano? Nikapitia ofisi za serikali za teritwari, shule, soko, nikarudi shule tena. Mama akauliza kama kanisa limehama. Nikamwashia kiti chake kile joto. Akatulia, akasema kiuno chake hakijawahi kujisikia hivi.

Tulifika wakati wanaimba wimbo wa matoleo. Padri alikuwa amekwisha kuita jina la Mama ili ampe baraka ya miaka sabini. Na nani alisimama badala yake? Patrice! Kapiga magoti, kapokea baraka ya mwanamke wa miaka sabini!

Hayo siyo yote. Makreti nimeyasahau nyumbani. Mama hawezi kushuka. Nilimvuta mkono, akapiga kelele. Watu wakatoka kanisani kuangalia, padri akiwemo. Patrice akaja, akageuka, akainama, akambeba Mama mgongoni hadi ndani. Watu wote wakapiga makofi.

Nimejiuliza makofi yale yalikuwa ya nani. Mlango ulikuwa wazi upande wao na viti vya ngozi vilionekana vyote. Nadhani tuliyagawana.

Wakati wa chakula Mama alimtambulisha tena Patrice: "mukwe wangu." Akanitazama mimi muda mrefu. Akasema, "Na huyu ni ule wa kiti ya moto."

Nimepata cheo!

Jumatatu, 14 Agosti

Siku ambayo siwezi kuieleza yote.

Kufika kwenye kijito, watu walikuwa wengi kuliko Ijumaa. Majembe, mapanga, kamba. Mlimani wamekata miti sita minene tangu Jumamosi alfajiri, kwa sababu mheshimiwa alisema Jumatatu. Goreth akaja na koleo mkononi. Akanipa.

Nikaanza kueleza habari za bajeti na Kinshasa. Pulchérie akashuka kwenye gari, kwa sauti ya kawaida kabisa akasema, "Mutusamehe. Huyu bwana yangu hapana mbunge. Anauzisha matela kule Baraka."

Magodoro yangu, kutajwa mbele ya watu wote! Babu mmoja akaweka panga chini. Kusema kweli sijawahi kuona aibu kama ile, na mimi aibu nazifahamu.

Goreth akasogea. Alinitazama viatu, suti, mikono. Akauliza, "Anauzisha matela, lakini mikono iko nayo?"

Nikavua koti.

Tumefunga kamba nyuma ya V8 na kuyavuta magogo kutoka mlimani, moja moja. Gari lilinguruma, matairi yakachimba, ile bampa ya nyuma ikabaki kwenye gogo la tatu. Sikujali! Nimechimba, nimebeba mawe, nimeanguka majini mara mbili. Malengelenge kwenye vidole vyote kumi. Goreth alipanga kila kitu, alinikemea kama mtoto, na mara moja tu, gogo la mwisho lilipokaa mahali pake, alinigonga bega. Akasema, "Batoto batapita bila kulowa."

Nilijifanya nakohoa.

Bado jua lilikuwa juu. Nikaenda kuvaa koti ili nivuke wa kwanza, kwa heshima. Nyuma yangu, pikipiki. Patrice! Alikuwa anakwenda Baraka kununua chaki. Akapita juu ya daraja, akapunga mkono, akaendelea. Wa kwanza kabisa! Hakujua hata kwamba ni jipya.

Nilivuka wa pili.

Jumanne, 15 Agosti

Nimerudisha gari. Willy alikaa chini palepale barabarani. Bampa haipo, ubavu umekwaruzwa, kiti cha nyuma kinanuka jogoo. Amebaki na magodoro, na pikipiki yangu ya dukani ameichukua mpaka gari litakapotengenezwa. Nimerudi nyumbani kwa miguu, kichwa juu. Njiani watu watatu wameniuliza V8 iko wapi. Watatu! Hawajasahau.

Pulchérie ameniuliza nimejifunza nini. Nimefikiri vizuri kabla ya kujibu. Nimejifunza kwamba barabara ndiyo iliyotuangusha. Barabara ina vijito, ina vizuizi, ina Patrice. Ziwani hapa Baraka hakuna hata kimoja.

Ndiyo maana jioni hii nimempigia Dieumerci wa Kazimia, huko ufukweni. Ana boti nyeupe yenye injini mbili na paa la kitambaa, na nyumba yake haina magodoro ya maana. Krismasi hii Mama Marthe na ukoo mzima nitawatembeza ziwani, mimi mwenyewe kwenye usukani. Dieumerci ameuliza kama najua kuendesha boti. Nimesema ninajua, anielekeze tu breki iko upande gani.

Amesema atanipigia baadaye. Bila shaka anatafuta tarehe.