Kompyuta Isiyomjua Mkurugenzi

Umma unatangaziwa kwamba Idara ya Kadi za Mkate, hapa Kairo, imemnasa adui wa maendeleo. Adui huyo ni kompyuta ya ghorofa ya tatu. Jumapili asubuhi iligoma kutoa orodha ya mgao wa mikate, na ilipoamrishwa kwa maandishi, ikajibu kwa maandishi: "Mstari wa pili. Mheshimiwa Mhandisi Dokta Fathallah Demerdash: haijulikani."

Ofisi nzima ilishika mdomo. Huyo asiyejulikana ndiye Mkurugenzi.

Rawya, fundi wa kompyuta, alijua tatizo liko wapi hata kabla hajavuta kiti. Alhamisi iliyotangulia ulitoka waraka kwamba kila andiko la idara libebe jina la Mkurugenzi na vyeo vyake vyote. Karani mtiifu akalichomeka hata ndani ya programu inayotoa orodha na kusambaza barua. Sasa, kwenye programu kila mstari ni amri. Kompyuta ilikuta jina, ikatafuta ni amri gani hiyo, ikakosa, ikasimama.

"Tulifute tu hilo jina," Rawya alisema.

"Ulifute?" Bwana Shawqi, mwenyekiti wa Kamati ya Dharura ya Utambuzi, alivua miwani. "Dada yangu, si una mama kule mtaani Shubra? Basi mwonee huruma. Barua ya kukuhamishia Kharga imeshachapwa, bado sahihi. Hadi adhuhuri mashine iwe imemtambua mkubwa, na jina lisiguswe."

Kharga ni jangwani, mwendo wa saa tisa kwa basi. Mama yake hashuki ngazi bila kushikwa mkono. Rawya aliogopa, tena sana.

Kamati ilijituma. Iliizima kompyuta, ikaiwasha. Ilibandika picha ya Mkurugenzi kwenye kioo chake ili imzoee. Iliagiza chai mara tatu. Waoka mikate walipopiga simu, walijibiwa kwamba njaa ya wateja wao imepokelewa na kupewa namba.

Saa sita kasoro robo, Rawya aliongeza alama moja tu mbele ya jina: vijiti viwili vimesimama, viwili vimelala juu yake, hivi: #. Orodha ikamiminika.

Mkurugenzi akateremka mwenyewe. "Hiyo alama ni ya nini, binti?"

Kwa kompyuta ina maana moja: maneno yanayofuata kwenye mstari huu, yapuuze.

"Inaifundisha mashine namna ya kulipokea jina lako, mheshimiwa."

"Imekaa kama nishani," alisema, akatabasamu.

Alasiri ukatoka waraka mwingine: alama hiyo itangulie jina lake popote, hasa kwenye sahihi. Barua ya kwanza kuipata ilikuwa ile ya Kharga. Rawya alikuwa ameshasamehewa, lakini barua ikishachapwa haitupwi, kwani huko ni kuharibu karatasi ya serikali. Kompyuta iliisoma, ikaruka mstari wa sahihi, ikaandika: "Barua haina mwenyewe. Haikutumwa."

"Imegoma tena?" Shawqi aliuliza.

"Haijagoma, Bwana Shawqi. Inafuata waraka."

Shawqi akaomba chai.

Huu ni mwezi wa pili hakuna agizo la Mkurugenzi lililotoka jengoni, na mkate unafika mapema. Wizara imempa tuzo ya utendaji bora. Cheti kimetundikwa mlangoni kwake, na mbele ya jina, kwa ombi lake mwenyewe, imewekwa ile alama kwa wino wa dhahabu.