Vitonge Kumi kwa Siwema

Jumatatu, 12 Mei

Hili sijawahi kumwambia mtu. Kila siku, mapumziko ya saa nne, nanunua maandazi mawili. Moja langu. La pili la mwenzangu. Mwenzangu hayupo. Nanunua mawili ili Mama Rachel wa kantini asijue kwamba sina wa kula naye. Nayapokea kwenye karatasi, natembea haraka kama mtu anayesubiriwa, napinda nyuma ya maabara, nakula yote mawili. Tangu Januari. Sketi imeanza kubana.

Leo Mwalimu Mrisho wa Jiografia ametangaza safari. Alhamisi ya wiki ijayo tunavuka na pantoni pale Magogoni, tunaenda Kigamboni kuona jinsi bahari inavyokula ufukwe. Kila mtu awe na mwenza. Majina yaandikwe wawili wawili kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, mwisho Jumatatu kengele ya kutoka. Kazi ya mwenza ni moja, amesema. Ukianguka majini, yeye ndiye apige kelele.

Darasani tuko arobaini na tano. Nimegawa kwa mbili mara tatu. Kila mara anabaki mmoja. Mwaka jana pia tulikuwa witiri, aliyebaki nilikuwa mimi, na mwenza wangu akawa Mwalimu Mrisho mwenyewe. Alinipa nusu ya chapati yake. Mtu mwema. Lakini alikuwa anaangalia darasa zima. Ningeanguka, ningeanguka kimya kimya.

Mwaka huu hapana! Nimemchagua Siwema. Tunakaa jengo moja hapa Kariakoo, wao ghorofa ya pili, sisi ya nne. Benchi lake shuleni halina nafasi siku zote. Tangu tuhamie tumesalimiana mara sita.

Ninao mpango.

Jumanne, 13 Mei

Mpango wenyewe. Mwezi wa Ramadhani Bi Fatuma, mama yake Siwema, alituletea futari kwenye sahani. Mama aliirudisha ikiwa na ndizi mbivu. Nilimuuliza kwa nini. Akasema sahani ya jirani hairudishwi tupu, hata kule kwetu Moshi ni aibu, sembuse hapa.

Nimeitafakari sheria hii kwa makini. Nikipeleka sahani yenye kitu, ni lazima irudi na kitu. Anayetumwa kurudisha ni mtoto wa nyumba. Kwa Bi Fatuma mtoto ni mmoja tu. Atapanda ngazi. Atagonga. Atanikuta na kitabu mkononi. Atauliza ninasoma nini. Kuanzia hapo mambo yatakwenda yenyewe.

Kitu gani sasa? Ndizi zimeshapelekwa. Katika kitabu cha mapishi nilichonunua kwa wale wanaopanga vitabu chini, barabarani, kuna ukurasa wa vitonge vya chokoleti na korosho. Unayeyusha chokoleti, unachanganya na krimu, unaacha igande, unaviringisha viganjani kama tonge la ugali, kisha unavigaragaza kwenye korosho zilizosagwa. Pembeni kuna picha. Wanawake wawili wanakula wanacheka. Mmoja amemshika mwenzake bega. Nimeitazama sana picha hiyo.

Kikwazo cha leo: Josepha. Alihamia darasani kwetu mwezi wa tatu. Anatoka Jangwani, na mvua ikinyesha anafika viatu vikiwa vimeloa, anavianika dirishani pa maktaba. Leo amekalia kiti changu, kile cha maktaba, chini ya feni. Nilisimama mbele yake mpaka aelewe. Hakuelewa. Akaniuliza kama nimeshapata mwenza wa safari. Nikamwambia mambo yanaendelea. Maswali gani haya!

Alhamisi, 15 Mei

Nimefeli.

Chokoleti nilinunua duka la jumla, korosho nikapata zilizovunjika, kwa kuwa zitasagwa tu. Kitabu kinasema uyeyushe kwenye bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto. Nikafanya hivyo. Hakikusema ukifunua mfuniko, jasho la mfuniko lisidondokee ndani. Tone moja! Chokoleti iliyokuwa inang'aa ikagandana papo hapo, ikawa kama mchanga wa ujenzi. Nikaongeza krimu ya moto kidogo kidogo, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Ikarudi. Nikaruka jikoni peke yangu.

Kisha nikaiweka kwenye friza. Friza ya Mama ina samaki, vibua kilo nne.

Mama aliporudi kutoka dukani (anauza mabegi ya shule kwa jumla) akaonja, akauliza hivi ni vya mtihani wa nini. Nikasema ni vya majirani. Akasema nisimkosanishe na majirani.

Ijumaa, 16 Mei

Nilivipeleka shule vile vya vibua ili nivitupe mbali na nyumbani. Josepha akaniona kwenye pipa la taka na kopo. Akauliza kuna nini. Akala kimoja kabla sijamaliza kueleza. Akafikiri. Akasema ni chokoleti iliyopitia Feri, kwenye soko la samaki. Halafu akala vingine vinne, akacheka mpaka akashika ukuta.

Ananikejeli. Nimeondoka.

Karatasi ya ukutani imeshajaa majina kumi na sita. La Siwema bado. La Josepha pia bado, nimeona kwa bahati mbaya.

Jumamosi, 17 Mei

Vimekubali! Vibua vimehamia kwenye ndoo. Friza nimeisugua kwa ndimu. Bakuli nimelifunika kwa kitambaa badala ya mfuniko. Korosho nimezikaanga kwanza, zikatoa harufu mpaka jirani wa mbele akafungua mlango kuchungulia. Vitonge kumi, vya mviringo, vya kahawia. Nikavipima kimoja kimoja kwenye mzani mdogo wa Mama. Gramu kumi na tano kila kimoja. Mama akauliza:

"Severa, unaviuza?"

Nikasema hapana.

"Sasa mtu anagawa chakula kwa mzani?"

Nikasema ni haki. Akatikisa kichwa.

Kulikuwa na jambo moja la kuamua. Kitabu kinataka kijiko kimoja cha brandi. Mimi niliweka vanila. Lakini je, Siwema akikutana na kitabu hicho siku moja, akasoma, akanifikiria vibaya? Mimi ni mtu wa kueleza mambo mapema. Nikaandika kadi kwa mwandiko mzuri, nikaisimamisha katikati ya sahani: VITONGE VYA CHOKOLETI. Viungo: chokoleti, krimu, korosho, vanila. HAVINA POMBE. Mstari wa mwisho nikaupigia mistari miwili chini kwa kalamu nyekundu.

Bi Fatuma alifungua mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Akasoma kadi. Akasoma tena.

"Kwani mwanangu, vingine huwa na pombe?"

Ningesema sijui, yangekwisha. Nikasema ndiyo. Nikaeleza habari ya brandi. Nikasema nyumbani kwetu brandi haipo, isipokuwa ile aliyoacha mjomba wakati wa Krismasi, na chupa ile bado haijafunguliwa, yaani imefunguliwa ila si na mimi, na mikono nilinawa. Akaniangalia kwa huruma. Akapokea sahani kwa ncha za vidole. Akasema ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie, ingia ndani upumzike.

Siwema alikuwa amekaa kwenye mkeka anasukwa. Akapunga mkono, akasema karibu, njoo ukae.

Nikasema nina haraka. Mpango ulikuwa yeye aje kwetu, siyo mimi niende kwao. Nikapanda ngazi mbili mbili. Imefanikiwa!

Jumapili, 18 Mei

Nimerudi kutoka kanisani mbio. Mama amekwenda kwenye kikao cha harusi. Nimekaa karibu na mlango tangu saa sita. Nimevaa gauni la bluu. Nimechagua kitabu kinene, lakini kisiwe kinene cha kutisha.

Saa saba, hakuna. Saa nane, kishindo kwenye ngazi. Mtu wa maji. Saa tisa na nusu umeme ukakatika jengo zima. Nikahamia dirishani nisome kwa mwanga wa nje. Chini watu walikuwa wanapita kutoka Mnazi Mmoja, makundi makundi, hakuna aliyekuwa peke yake. Nilihesabu. Waliokuwa peke yao ni wawili tu, na mmoja wao alikuwa anaongea na simu.

Saa kumi, mlango ukagongwa. Mara tatu, polepole. Nikasikia sauti yake: hodi.

Sikuwa tayari! Kitabu kilikuwa dirishani. Nikakimbia kukichukua. Nikaona vikombe vya chai mezani, nikavitoa. Nikaona sandali za Mama, nikazisukuma chini ya kochi. Akagonga tena. Nikakaa, nikafungua ukurasa wa katikati nionekane nimefika mbali. Nikaona gauni limekunjamana. Nikasimama kulinyoosha. Akagonga mara ya tatu, akaita jina langu. Nikanywa maji ili sauti isikwaruze. Nikafungua mlango nikitabasamu.

Sahani ilikuwa sakafuni. Visheti, vya moto, vimefunikwa kwa kitambaa. Ngazini hakuna mtu.

Nimekula visheti sita. Vizuri sana. Sheria imefuatwa.

Jumatatu, 19 Mei

Asubuhi, getini. Mzee Kasmir, mlinzi wetu, alikuwa na kadi yangu mkononi. Aliniita. Akasema Bi Fatuma alimpa vile vitonge vyote kumi, akimwambia yeye ni Mkristo, atajua mwenyewe. Amevimaliza Jumamosi ile ile. Nikamuuliza vilikuwaje. Akasema vitamu, ila alikula mpaka cha kumi akiwa na matumaini, na kadi kumbe inasema kweli tupu.

Darasani Siwema akanifuata mwenyewe. Mwenyewe! Akauliza kama visheti tulivipata. Akasema aligonga mpaka akachoka, umeme ulipokatika alitaka akae kidogo kwetu tupige stori.

Hapa palikuwa na majibu mengi. Nilichagua hili:

"Nilikuwa na mgeni."

Akasema aa, samahani, hakujua. Akarudi kwenye benchi lake. Wakasogea kumpisha. Saa nne kasoro jina lake lilikuwa ukutani, ubavuni kwake jina la Brightness.

Mapumziko, kantini. Nikachukua mawili yangu. Josepha alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Viatu vimeloa. Alinifuata mpaka pembe ya maabara, akasimama.

"Hilo la pili la nani?"

Nikasema la mwenzangu.

Akaangalia nyuma ya maabara. Hapakuwa na mtu. Akaangalia karatasi mkononi mwangu. Akasema alidhani labda, basi tu, alidhani. Akauliza kama huyo mwenzangu ndiye wa safari pia. Nikasema ndiyo.

"Haya, Severa. Nilitaka kujua tu."

Akaenda. Nikala langu. Kisha la mwenzangu.

Saa nane niliangalia karatasi. Josepha yupo na Fikirini wa nyuma, yule anayelala kwenye vipindi. Majina arobaini na manne. Mwalimu Mrisho alikuja na kalamu yake, akaandika jina langu chini kabisa, na pembeni akaandika "Mwl." Akaniuliza kama chapati napenda za maji au za kusukuma.

Jumanne, 20 Mei

Nimekaa na kuchambua makosa, kwa utulivu, bila kujihurumia. Kosa ni sahani. Ilikuwa ndogo. Sahani ndogo mtu anaiacha sakafuni. Sinia kubwa hawezi kuliacha, ni lazima asubiri akabidhi mkononi. Vitonge arobaini. Kadi nayo ilikuwa fupi mno, haikueleza vya kutosha kuhusu pombe. Nitaandika ukurasa mzima.

Mapumziko nilikwenda kantini, nikachukua mawili yangu. Josepha alikuwa ameketi kwenye ngazi za maktaba, mkabala na kantini, peke yake, Fikirini amelala darasani. Alinionyesha nafasi pembeni yake, kwa kidevu tu. Nikamwonyesha maandazi mawili, kwamba ninasubiriwa.

Mama Rachel alikuwa ananiangalia. Akauliza kwa upole huyo mwenzangu mbona hajawahi kumwona hata siku moja.

Nikasema anaumwa.

Akasema masikini. Akachukua andazi la tatu, kubwa, la moto, akalifunga kwenye karatasi yake peke yake, akasema hilo ni bure, nimpelekee, nimpe na pole.

Nikasema asante. Nikaenda nyuma ya maabara, nikala yote matatu.