Kocha Aliyetakiwa Kujieleza

Idara ya Taifa ya Vitu Virushwavyo inapenda umma ufahamu kwamba Jumatatu ile, kocha wa mkuki alipokosa kufika kazini, hatua zote zilichukuliwa kwa wakati. Ilipofika saa mbili na nusu, karani wa mahudhurio alikuwa ameshaandika kwa wino mwekundu: "Hayupo, bila ruhusa." Kocha alikuwa amefariki alfajiri. Karani ni mimi. Kocha alikuwa mume wangu.

Nilikuwa nimekwenda kuomba ruhusa ya msiba. Kwa kuwa nilishafika, niliambiwa nijaze daftari kwanza.

Siku ya tatu Mkurugenzi aliniita.

"Mama, pole sana. Lakini utoro ni utoro."

"Mkuu, tumemzika jana."

"Jana ilikuwa siku ya kazi. Nani alimpa kibali?"

Sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Niliandika barua ya kumtaka ajieleze ndani ya siku saba, nikaigonga muhuri, nikaipeleka nyumbani, nikaipokea mwenyewe kama ndugu wa karibu wa mhusika, nikasaini. Hakujibu. Ukimya wake uliingizwa kwenye faili kama kiburi.

Marehemu aliacha mwanafunzi mmoja, binti wa fundi viatu, ambaye mtaa mzima unamwita Kombora. Mume wangu alimwona mara ya kwanza akirusha mpini wa fagio ili kuushusha mpira uliokwama juu ya paa la Idara. Mpini ulivuka paa, ukavuka na barabara. Mkurugenzi aliagiza akamatwe. Mume wangu aliomba afundishwe. Kwa miaka sita alimfundisha hatua kumi na tatu za kukimbia kabla ya kurusha. Alikuwa akizihesabu kwa sauti hata jikoni kwangu, kabeba sahani chafu, na hatua ya kumi na tatu ilimfikisha kwenye karai. Nyumba yetu ilikuwa ndogo, alilazimika kuanzia mlangoni.

Wiki mbili baada ya mazishi ulikuja mwaliko wa mashindano ya dunia, pamoja na fomu. Kwenye fomu palikuwa na mstari wa jina la kocha. Kombora alikuja mezani kwangu.

"Mama, si uandike jina lake tu?"

Mkurugenzi alikuwa mlangoni. "Haiwezekani. Yule ana kesi ya nidhamu, hajajibu barua. Andika langu."

"Kwani Mkuu unaujua mkuki?" Kombora aliuliza.

"Mimi ni mkurugenzi wa mikuki yote ya nchi hii, binti. Wewe unao mmoja."

Akajaza mwenyewe, akasaini, akathibitisha kwamba amekuwa kocha tangu siku nafasi ilipokuwa wazi. Alipoondoka, Kombora akakaa kwenye benchi la wageni.

"Basi mimi siendi. Akienda yule kwenye nafasi ya mzee, mimi nabaki."

"Nenda, mwanangu," nikamwambia. "Ukishinda watakuuliza. Huko hawatakupa fomu, watakupa kipaza sauti."

Akaenda. Mkurugenzi alikaa kwenye kiti cha makocha, kando ya uzio, na suti yake. Mrusho wa kwanza ulitoka nje ya mstari. Kombora alimtazama kocha wake, kama wanavyofanya warushaji wote.

"Ongeza juhudi!" Mkurugenzi alipaza sauti.

Hakumtazama tena. Mrusho wa tatu ulifika mita sitini na saba, na hakuna aliyeupita.

Kwenye kipaza sauti Mkurugenzi alimtangulia. Waandishi wa habari wakamuuliza siri ya ushindi. "Usimamizi," alisema. Wakamuuliza bingwa hukimbia hatua ngapi. "Zote," alisema.

"Ni kumi na tatu," Kombora akasema. "Alinifundisha kocha wangu. Alifariki miezi miwili iliyopita." Akataja majina yake yote matatu, polepole, kama anayeita orodha darasani. Mimi nilikuwa ofisini, nasikiliza redio. Sikulia. Kulia saa za kazi kuna fomu yake, na fomu zilikuwa zimekwisha.

Waandaaji waliiandikia Wizara: kocha ni nani? Kamati ilikaa siku tisa. Fomu haikuweza kuwa ya uongo, kwa kuwa Wizara haisemi uongo. Bingwa naye hakuweza kuitwa mwongo, kwa kuwa picha yake ilishachapishwa kwenye kalenda ya Waziri. Kamati ikaamua kwamba wote wawili wamesema kweli. Marehemu alikuwa kocha hadi siku yake ya mwisho; kesi yake ifungwe na jina lake liingizwe kwenye kitabu cha mabingwa. Kuanzia siku ile kocha ni Mkurugenzi, kama alivyothibitisha kwa saini yake. Na kwa kuwa kanuni haziruhusu mtu mmoja kushika nafasi mbili, ofisi ya mkurugenzi apewe mwingine.

Barua niliichapa mimi. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, amesimama.

"Mama, hapa pana kosa la uchapaji."

"Hapana, Mkuu. Samahani, Kocha. Nimehakiki."

Sasa kila siku, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, Kombora anarusha na Kocha anatembea hadi mwisho wa uwanja kuuokota mkuki na kuurudisha. Ni mirusho arobaini kwa siku.