Ombi la Kurudishiwa Ubovu wa Kompyuta Yangu

Kirumba, Mwanza
9 Juni 1997

Kwa Fundi Rwekaza,
Kibanda cha Redio na Televisheni, Mabatini.

Ndugu Fundi Rwekaza,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, na mke wangu Dorotea kifua kimemwachia kidogo. Natumaini wateja wanakupa walau nafasi ya kula mchana. Nimeona nikuandikie, kwa sababu ukinisikia kwa mdomo unaweza kudhani nina hasira. Sina hasira. Nina malalamiko.

Wewe uliingia kwangu Jumamosi ile ukatoka, kwa hiyo hujui kilichokuwepo kabla. Tulipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba nilirudi nyumbani nikakaa. Watu walikuja kunipa pole, kisha pole zikaisha. Binti yetu Winnie, anayefanya kazi Nairobi, aliona baba ataota mizizi kwenye kiti. Akanitumia kompyuta ya nyumbani ambayo tajiri wake alikuwa anaiacha akirudi kwao Ulaya. Ni ya kizamani, ina umbo la taipureta iliyokatwa kichwa, na maandishi yake yanatokea kwenye televisheni.

Nilipoiunganisha, televisheni ilijaa mistari kama godoro la bweni. Siku hiyo ndipo nilipoanza kuishi tena.

Jirani yangu Nestory, aliyekuwa fundi umeme melini, aliiona mistari kupitia dirishani akaingia bila hodi. Akasema umeme haufiki wa kutosha. Habari zikavuka upande wa pili wa uwanja wa mpira, kwa kaka yangu Malimi. Fundi, mimi na kaka yangu tulikuwa hatusemezani tangu tulipogawana ng'ombe wa marehemu baba kule Magu. Tukikutana Mwaloni kununua samaki, mmoja wetu alikuwa anageukia upande wa dagaa. Lakini Malimi ametengeneza mashine za kuchambua pamba maisha yake yote. Kusikia kuna mashine imewashinda watu na yeye hajaitwa, hakuweza kuvumilia. Akasimama mlangoni.

Nikasema, "Shikamoo kaka."

Akasema, "Marahaba. Iko wapi?"

Tangu hapo hakukosa jioni hata moja. Aliitegea sikio akasema inakosa hewa. Nestory akasema kitu hiki hakivuti hewa. Walibishana mpaka chai ikapoa. Siku nyingine mistari ilitoweka, kompyuta ikaandika kwa Kiingereza kwamba kumbukumbu yake haitoshi, na Dorotea akasema basi imefika kwa wenzake. Malimi alicheka mpaka akajifuta machozi. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu msiba wa baba. Siku nyingine ilikubali kuandika lakini ikaikataa herufi M. Malimi akabonyeza jina lake lote, ikatoka ALII. Nestory akamuuliza amesilimu lini.

Ndipo mke wangu alipokuita wewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliitwa kuangalia. Dorotea alikwambia mbele yangu, "Njoo utuangalizie." Wewe hukuangalia, ulitengeneza. Ulifungua mfuniko, ukapuliza wadudu wa ziwani waliokufia humo, ukang'oa vile vidude vyeusi vyenye miguu mingi mnavyoviita chipu, ukaisugua miguu hiyo kwa raba ya kufutia penseli, kisha ukavirudisha na kuvigandamiza kwa dole gumba. Yote hayo ukipiga mluzi. Sisi wazee watatu tulikuwa tunaihangaikia tangu Pasaka. Ungeweza hata kujifanya unafikiri.

2. Kaka yangu alikuuliza kwa upole, "Kwa hiyo ilikuwa inakosa hewa?" Hapo ungetafuta namna ya kusema ndiyo. Wewe ukasema, "Hapana mzee, ni kutu tu." Kutu! Malimi akachukua kofia yake.

3. Hajarudi. Nestory alikuja mara moja, akakuta inawaka, akasema, "Ah, kumbe imepona," kwa sauti ya mtu aliyefika wodini na chakula akakuta mgonjwa ameruhusiwa. Akaondoka. Maandazi ya Dorotea, ambayo zamani yaligombewa, sasa yanabaki mpaka asubuhi.

4. Hili ndilo zito. Sasa kila nikiiwasha inaandika neno moja la Kiingereza, maana yake iko tayari, na chini yake kuna kijimraba kinachofumba na kufumbua kama jicho. Iko tayari kwa lipi? Mimi nimepunguzwa kazi, Fundi. Kukaa chumba kimoja na kitu kilicho tayari kwa kazi saa zote, tena kinakukonyeza, ni dharau ambayo hata meneja wetu hakunifanyia. Jana niliiandikia jina langu kamili, ikajibu kwamba nimekosea. Zamani mbovu ilikuwa yenyewe. Sasa mbovu ni mimi.

5. Nimejaribu kulisahihisha kosa lako bila kukusumbua. Nimeitikisa. Nimeiacha wazi dirishani siku ile wadudu wa ziwani walipopanda kama moshi. Wameingia hadi kwenye sukari. Iliwaka vizuri kuliko jana yake. Hii inanionyesha kwamba uliyoyafanya uliyafanya kwa makusudi.

Kwa hiyo naomba uje uirudishie ubovu wake. Sitaki ife. Legeza chipu moja, uchague mwenyewe, ingawa napendekeza ile ya herufi M. Ikishindikana, nitashukuru hata kwa mistari. Ukitoka kwangu pita kwa Malimi, mwambie imeharibika tena, wewe imekushinda, na sasa unaanza kuamini kweli inakosa hewa. Najua ni vigumu kwa fundi kutamka maneno hayo. Lakini mimi na kaka yangu, pasipo na mashine mbovu katikati yetu, hatujui pa kuanzia.

Dorotea anakusalimu, ingawa hajui ninachoandika. Nisalimie wote hapo kibandani, na yule dada anayeshona nguo mlango wa pili, na mzee wa televisheni isiyokwisha kutengenezwa; mwambie namwonea wivu.

Ni mimi, mwenye kompyuta nzima kwa masikitiko,
Chenge Masalu

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha alipoingia Paskazia, mke wa Malimi. Redio yao imekauka sauti, na Malimi amekataa isipelekwe kwa fundi yeyote, wewe hasa. Amesema, "Mwiteni mdogo wangu. Yeye ameziona chipu kwa macho yake." Nimetoka huko sasa hivi. Tumeifungua, Nestory naye amefika, na tayari kuna skrubu mbili tusizojua zimetoka wapi. Kaka ananisubiri, amesema nisikawie. Kwa hiyo kompyuta iache hivyo hivyo ilivyo, ni nzuri sana. Barua hii anakuletea Paskazia mwenyewe: mpe bisibisi yako ndogo kuliko zote. Wewe usije.