Daktari Amuoe Inspekta

Jumatatu, 3 Machi

Nyumba imegawanyika. Televisheni moja, tamthilia mbili, saa ileile. Mama yangu anataka ya hospitali, ana Daktari wake humo, anamwita mwanangu. Mke wangu anataka ya polisi kwa sababu ya Inspekta, mwanamke asiyebabaishwa na mtu. Leo wamenyang'anyana rimoti mpaka betri zikadondoka. Sasa hawasemeshani. Mama kasema Jumamosi anahamia kwa dada yangu. Mke kasema Jumamosi hiyohiyo anakwenda kwao na mtoto wetu mchanga. Mimi nibaki na rimoti.

Sina raha kabisa. Nawapenda wote wawili, na siwezi kumwambia hivyo mmoja mbele ya mwenzake.

Lakini kichwa ninacho. Nitaandika hadithi moja, Daktari yumo na Inspekta yumo. Nitawasomea baada ya chakula. Watacheka pamoja, kwisha habari.

Jumanne, 4 Machi

Saluni. Nanyoa huku nawaza: wakutane vipi? Inspekta amkamate Daktari kwa wizi wa dawa? Hapana, Mama atanikana. Daktari amkate Inspekta mguu? Hapana, nitalala nje. Wawe pacha waliotenganishwa wakiwa wachanga? Hapo ndipo nilipopitisha mashine katikati ya kichwa cha mteja, mwalimu mkuu mzima, aliyeomba nimpunguzie pembeni tu. Ikabidi nimalizie kipara. Aliondoka bila kuaga.

Kinyozi mwenzangu, tunamwita Mdomo, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mbona rahisi, waoane tu. Nikamwambia hilo ni wazo la kitoto. Nimeliandika mchana kutwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma. Inspekta kapigwa risasi begani, Daktari kaitoa, macho yakagongana, pete. Nikajua nimewapata.

Mama akauuliza ukuta, huyo askari anayeshinda barabarani atampikia mwanangu saa ngapi. Mke wangu akaiuliza birika, kwani Daktari hana mikono? Mama akasema wasichana wa siku hizi wakiolewa wanaleta mdomo tu. Mke akageuka, sasa uso kwa uso, akasema Inspekta anarudi hoi kutoka kazini, anamkuta mama mkwe anamkagulia sufuria.

Kwenye hadithi yangu hakuna sufuria hata moja! Nimekagua kurasa zote.

Mke kajifungia chumbani na mtoto. Mama ameanza kupanga nguo kwenye begi.

Alhamisi, 6 Machi

Mdomo ameshauri niwape Daktari na Inspekta mtoto. Nimekataa, Mama na mke wangu watagombania anafanana na nani. Mimi nimepata dawa yenyewe: mtungi wa gesi. Walipuke wote. Pasipo Daktari wala Inspekta, ugomvi utoke wapi? Najishangaa sikuliwaza hili mapema.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewalipua. Mama akashika kifua. Mke wangu machozi. Kisha wakanitazama wote wawili kwa pamoja. Mama akamuuliza mke wangu, hivi huyu ana akili kweli? Mke akajibu, Mama, najiuliza tangu anioe. Wakaninyang'anya karatasi, wakanifukuza sebuleni.

Nilisikiliza kutoka jikoni. Wanawafufua. Mke alitaka Inspekta akizinduka, jambo la kwanza aulize hali ya Daktari. Mama akakubali. Halafu akasema wakishapata mtoto, yule mama mkwe awe anamchukua alfajiri ili Inspekta apate kulala. Maskini, akasema, hajalala vizuri tangu ajifungue, na hakuna aliyemuuliza. Nikasikia mke wangu analia, na Mama anamwambia njoo, njoo hapa mwanangu. Na mimi nililia, nikajifanya naosha vyombo.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuna aliyehama. Mama kaamka na mtoto mgongoni, mke wangu kalala mpaka jua limekuwa kali. Begi limerudi juu ya kabati. Wote wawili wamenikataza kuandika tena. Wivu tu, sisi wasanii tumeuzoea.

Nimemfunulia Mdomo siri: ugomvi wa familia unatibiwa kwa mlipuko. Eti ameniomba nisiguse familia yake. Basi naanza na shangazi yangu na binti yake, mwaka wa pili huu hawasalimiani. Mmoja mpenzi wa mpira, mwingine wa kwaya. Mstari wa kwanza tayari: kwaya inaingia uwanjani ikiimba, na jukwaa linaanza kutikisika.